Kapu la Wiki ya Mvua ya Mawe

Mimi fundi friji, Kijenge Juu, jirani na mashine ya kusaga.
Nilijiunga kwa sababu ya nyanya.
Nisiseme uongo: si udongo, si mazingira, si vizazi vijavyo.
Nyanya tu.
Nilifungua friji ya mteja, imekufa wiki mbili,
nyama imeoza mpaka imechoka kunuka,
na nyanya mle ndani zimekaa wima, nyekundu, ngumu,
kama mashahidi waliohongwa.

Naishiye, muuza maziwa, ndiye aliyenipeleka Moshono,
banda la mabati nyuma ya kanisa,
watu ishirini na saba, daftari moja,
na mhazini, Mama Ndetaulwa, anayelamba kidole,
anahesabu noti, kisha hajiamini, anazirudia.
Akanisomea masharti bila kuinua macho:
unalipa mwanzo wa msimu, shamba likiwa jeusi bado.
Kila Jumamosi unachukua kapu. Huchagui.
Jumamosi moja ya mwezi unashika jembe.
"Na shamba likikosa?"
"Umekosa."
Nikacheka. Hakucheka. Nikatia sahihi.

Wiki ya kwanza, mnafu.
Ya pili, mnafu, na magimbi yenye tope la Meru bado.
Ya tatu, mnafu. Mwanangu Lomnyaki akaniuliza
kama siku hizi sisi ni mbuzi.
Nikaenda kuulizia nyanya.
"Masika haya?" alisema Mama Ndetaulwa. "Nyanya haiulizwi."

Zamu yangu ya jembe ikafika.
Mikono ya bisibisi ikatoka malengelenge tuta la kwanza.
Saruni, kijana wa mfereji,
akanionyesha namna ya kuziba maji kwa bonge la nyasi na tope,
yasizame kwako yakamkauka jirani.
Miaka kumi na tisa nimepitisha gesi kwenye bomba za shaba,
nimeziba, nimechomelea, zimevuja.
Huu mfereji uko wazi juu kama kinywa cha mtoto
na maji yanajua pa kwenda.

Ikaja ile Jumatano.
Dakika kumi, labda kumi na mbili.
Sisi Kijenge tulisikia kelele za bati,
tukaongeza sauti ya redio.

Jumamosi nikafika na kapu langu.
Mezani: sukuma wiki zilizotobolewa kama chujio,
karoti, kila nyumba tatu,
na nyanya, za kwanza, bado kijani, zimepasuka,
kila nyumba mbili.
Niliisubiri ile sauti ya "fedha yangu." Hata yangu niliisubiri.
Yule mama wa Njiro, mwenye gari, niliyedhani atagomba,
alihesabu karoti zake, akarudisha moja.
"Kwetu tuko wawili tu."
Ile karoti ikazunguka meza,
kila mtu akiisogeza kwa mwenzake kama kadi ya mchango,
mpaka ikamfikia Saruni,
aliyekesha usiku ule akifunika miche kwa magunia
na mablanketi yake mwenyewe.
Akaipangusa kwenye suruali,
akaila palepale, kwa kelele.
Ndipo tukacheka.

Zangu mbili niliziweka dirishani.
Dirishani, mimi fundi friji.
Moja ikaoza siku ya tatu, kuanzia kwenye ufa wake,
taratibu, bila hila.
Ya pili ikaiva upande mmoja.
Tukaikata vipande vinne, tukatia chumvi,
na Lomnyaki, ambaye si mbuzi, akalamba sahani.

Jumatatu nikapanda tena Moshono, na fedha ya msimu ujao.
Mama Ndetaulwa akalamba kidole. Akahesabu. Akarudia.
Akaandika jina langu, safari hii bila kuniuliza linaandikwaje.
"Shamba limeanza kuamka," akasema.
"Limeota nini?"
Akafunga daftari.
"Mnafu."