Daftari la Shimo

Micheweni, jiwe laini halipo juu.
Juu ni jabali, linakula mitaimbo.
Unashuka pima nne kwa ngazi ya mikandaa,
kisha unaingia ubavuni, umeinama,
ukiufuata weupe kama mdudu ndani ya embe.
Kila hatua sita unaacha nguzo.
Nguzo haiuzwi.

Mimi, Mize binti Faki, ndiye mwenye daftari.
Mtaimbo: elfu kumi na nane.
Kuunoa: elfu moja.
Kamba. Mafuta ya taa. Muhogo wa watu watano.
Tofali: mia tatu, likifika barabarani;
likivunjika ngazini, sifuri.
Mgongo wa Shaame haukuandikwa popote.

Vuli ile sare ya Raya ilipungukiwa
elfu kumi na mbili na mia tatu.
Shaame akasema, "Ile nguzo nene,
nitaikwangua kidogo tu."
Nikaandika: matofali arobaini na moja.
Sikuandika yametoka wapi.
Mvua ikanyesha siku tatu.

Raya sasa anasoma Wete, bingwa wa hesabu.
Juzi kalifunua daftari, kidole juu ya mstari:
"Mama, baada ya arobaini na moja
mbona kutupu?"

Nikamwambia wino uliisha.