Dakika Sita, Daugavpils

Saa kumi na moja alfajiri, kasoro kidogo,
tramu imesimama mwisho wa reli,
taa zote zawaka, abiria hakuna,
na dereva, Velga Strautmane,
kichwa amekiegemeza kwenye kioo, mdomo wazi,
glavu moja mkononi, ya pili sakafuni.

Mimi nilikuwa nje, theluji imenifika vifundoni.
Sikugonga kioo.
Nalikumbuka hilo kuliko maneno niliyoyaweka chini ya picha:
*Hivi ndivyo kodi yetu inavyokoroma.*
Maneno matano. Niliyasoma mara mbili kabla ya kuyaachia,
kama mwokaji anayenusa mkate wake mwenyewe.

Kabla ya saa ya chai, elfu mbili walikwisha kucheka.
Mtu wa Riga, nisiyemjua, akamchora masharubu.
Mwingine akampa pua ya nguruwe.
Mwingine alijua mtaa wake, akautaja.
Mwingine alijua ghorofa.
Hakuna aliyerusha jiwe.
Kila mmoja alileta punje yake ya mchanga,
na gunia nilikuwa nimelifungua mimi.

Nina haki, nilimwambia dada yangu Zaiga.
Haki ya kusema! Babu yetu alinyamaza miaka arobaini,
alizungumza na redio tu,
tena redio ikiwa imezimwa.
Zaiga alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.
"Babu alinyamaza kwa sababu dirishani palikuwa na mtu
aliyeandika kila alichokiona.
Wewe ulisimama upande gani wa kioo?"

Viazi viliendelea kuangukia majini.
Tubwi.
Tubwi.

Usiku nikaifuta.
Kufuta kuna adabu zake: simu iliniuliza, *Una uhakika?*
Swali ambalo wakati wa kutuma
hakuna aliyeniuliza.
Lakini picha ilikwisha kuhama, ina makazi kila mahali,
nami nikaanza kubisha hodi mlango kwa mlango:
tafadhali, iondoe; tafadhali, ni kosa langu.
Baadhi waliiondoa kimya kimya.
Baadhi walinitukana, nikaonja kijiko nilichopikia.
Kijana mmoja wa Jelgava aliniuliza,
bila ubaya, nadhani:
"Kwani wewe ni nani wake?"

Sikupata jibu. Abiria.
Mwenye tiketi ya mwezi.

Siku ya tisa nilikwenda karakana ya tramu, kofia mkononi.
Alikuwa mfupi kuliko picha.
Akanisikiliza hadi mwisho, akipangusa mikono kwa tambara,
kisha akasema, taratibu, kama anayesoma ratiba:
Broņislavs alishikwa na homa ya mapafu,
hiyo ilikuwa zamu yangu ya pili mfululizo.
Mwisho wa reli tunangoja dakika sita.
Dakika hizo ni zangu. Zimo kwenye mkataba, ukurasa wa nne.
Nilikuwa nimefumba macho ndani ya haki yangu,
nawe ukaingia na viatu.

Hakunisamehe.
Nami sikudai; msamaha hauna ofisi
ambako mtu huenda na fomu.
Alitaka jambo moja:
andika palepale, kwa jina lako kamili,
kwa herufi zilezile, ulichokosea.

Nikaandika.
Waliosoma walikuwa sitini na mmoja.
Nilihesabu mara mbili. Hata toba yangu
ilikuwa bado inatafuta wa kuipigia makofi,
na hilo nalo naliandika hapa,
maana sitaki kutoka katika shairi hili nikiwa msafi
kuliko nilivyoingia.

Siku hizi kioo cha upande wake kina pazia,
kitambaa cha buluu, pindo limeshonwa kwa mkono.
Nalipita kila alfajiri.
Simu i mfukoni, ina joto, yatetema pajani,
mtu fulani mahali fulani amecheka jambo fulani.
Dakika sita.
Theluji inashuka juu ya paa la tramu.
Nyuma ya kitambaa
sijui kama amelala.