Pampu ya Maji Baridi

Hoteli ilipofungwa mhasibu alitupanga foleni,
akasema fedha hakuna, chagueni vitu.
Wenzangu walibeba magodoro, vioo, feni za darini.
Mimi, miaka kumi na tisa ya kufua mashuka,
nilifika mwisho, nikakuta tangi la mapokezi
na samaki wawili ndani yake wakinitazama
kama wageni ambao hawajapewa funguo.

Sasa liko sebuleni kwangu, Barani,
na jua la Februari linalipunguza kila siku.
Dzombo, mjukuu wangu, hutia alama kwenye kioo
kwa rangi yangu ya kucha:
juzi hapa, jana hapa,
leo vidole viwili chini.

Jirani yangu Mwanakombo hucheka hadi ashike ukuta.
"Bahari iko hapo nyuma ya msikiti,
nawe wanunua maji ya mtungi?"
Nimemweleza mara tatu.
Kinachopaa ni maji. Chumvi haipai,
hukaa pale pale ikizidi kukaza.
Ukiongeza bahari juu ya bahari
utawafanya ng'onda wangali hai.
Tangi hili linataka maji baridi,
na linayataka polepole, mchana na usiku,
nami mkono wangu una kazi nyingine.

Nikaenda kwa Lali wa Shekue, muuza vipuri.
Akanitandikia gazeti kaunta, akapanga pampu tatu.

Ya kwanza ya kisima, chuma kitupu, nzito kama beberu.
"Hii, mama, yapandisha maji ghorofa ya nne."
Sina ghorofa, nikamwambia, nina meza.
Kutoka dumu sakafuni hadi ukingo wa kioo
ni dhiraa mbili na shubiri. Nimepima kwa mkono huu.

Ya pili ilitoka kwenye chemchemi ya bustani
ya jumba fulani la Mtaliano.
Akaizamisha ndooni, mrija akautia kwenye jagi:
moja, mbili, tatu, jagi likafurika, gazeti likalowa.
Papo hapo nikaliona boya limekwama usiku
(boya dogo, mfano wa lile la tangi la choo,
ndilo linaloiambia pampu basi)
na dumu zima limeingia nami nimelala,
chumvi imezimuliwa,
zulia la marehemu linaelea.

Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko kopo la mafuta ya nywele.
Ndani, magurudumu matatu yakiukanyaga mrija laini,
yakiukama kama chuchu ya mbuzi.
Tone.
Tone.
Lali akaona haya. "Hii ya mashine ya hospitali.
Jagi moja itakufikisha adhuhuri."
Nikamwuliza: na jua, jagi moja hulimaliza saa ngapi?
Akakuna kidevu.

Tena stima ikikatika, nayo hukatika,
hii mrija wake umebanwa, maji hayana pa kurudi.
Zile kubwa, ukisahau ncha ya mrija majini,
bahari yako inateremka dumuni kimya kimya
na asubuhi wakuta samaki wamelala ubavu.

Elfu moja nilimpa mkononi,
mia nane akaandika daftarini.

Usiku ule sikulala vizuri.
Nilikaa sakafuni na tochi ya simu,
nikisikiliza kitu kama mtu anayehesabu kwa kunong'ona,
akikosea, akianza upya.
Mmoja wa samaki akaja kusimama chini ya tone,
akafungua mdomo, akaondoka. Halikumpendeza.

Alfajiri maji yalikuwa sawasawa na rangi ya kucha,
ule mstari wa juu kabisa.
Dzombo akaugusa, akanusa kidole chake.

Saa tatu wakili akapiga simu.
Malipo yetu ya hoteli, anasema, yamepatikana,
ila yatakuja kidogo kidogo.
Nikamwuliza:
matone mangapi kwa dakika?