Nusu ya Mia

Saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani hajaamua bado,
naweka kidonge juu ya kifuniko cha sufuria,
wembe mpya, simu kati ya meno inamulika.
Kinakatika. Nusu ya leo, nusu ya kesho.
Unga unaobaki naulamba kidoleni,
sitaki sisimizi wanenepe kwa jasho langu.

Miaka tisa nilisimama kwenye mizani
kiwanda cha minofu, Ilemela, buti nyeupe, kofia ya nailoni,
sangara wanapita mbele yangu bila vichwa.
Jicho lilijua kilo kabla mshale haujatulia.
Kisha samaki wakapungua, zamu zikapungua,
Ijumaa moja tukaambiwa turudishe buti.
Nilirudisha. Kadi ya bima nikabaki nayo,
picha yangu inacheka, shingo bado nene.

Pale dirishani, Bugando, kijana aliipitisha mara mbili.
“Haisomi, mama.”
Nikamwambia, mwanangu, mbona mimi naisoma vizuri:
Nyamizi Lutubija, mwanachama.
Akanionea huruma, huruma isiyo na punguzo.

Tezi yangu, nusu wamenichia, nusu iko wapi sijui.
Waliitoa mwaka ule wa mvua nyingi, ikatiwa koponi,
hakuna aliyeuliza bei.
Lakini bondo la sangara, kile kifuko cha pumzi tumboni mwake,
hupimwa kwa gramu, hufungwa kama dhahabu,
hupanda ndege kwenda kwa watu nisiowajua.
Samaki kanizidi.
Cha ndani yake kina soko.

Nikajaribu ujanja: siku moja nameza, mbili naruka.
Jua la Kabuhoro linapasua mawe
na mimi nimejifunga blanketi, wajukuu wananicheka.
Sauti ikawa ya mtu aliyemo ndani ya pipa.
Nywele zikahamia kwenye kitana.
Siku moja nikamtazama binti niliyemzaa
na jina lake halikuja, dakika nzima halikuja,
nikamwita “wewe”.

Maduhu wa duka la dawa hakunihubiria.
Aliweka maboksi mawili juu ya kaunta.
“Hiki cha hamsini, hiki cha mia, bei karibu ni ile ile.
Cheti chako kinasema hamsini. Hesabu ulisoma?”
Nilicheka hadi nikakohoa. Mimi, wa mizani!
Akanizuia kwanza: nenda kwa daktari, akubali kwa maandishi.
Nikaenda, nikapanga foleni, akaandika, akaninyooshea kalamu:
kila siku, mama, si siku ukiwa nacho.
Niliyepima tani sasa napima kisichoonekana,
na mkono hautakiwi kutetemeka.

Kipimo cha damu ndicho mlima.
Kikoba chetu tuko kumi na wanne, mwezi huu zamu yangu.
Wote walijua nanunua bati.
Nikasema: damu.
Kikao kikanyamaza. Nyanjige akahesabu noti mara mbili,
akaongeza moja ya kwake, “ya soda,”
akageuka kutafuta kitu kwenye mkoba usio na kitu.

Majibu Alhamisi.

Leo nusu imeruka kutoka wembeni, ikaingia chini ya kitanda.
Nimepiga magoti, shavu sakafuni,
napapasa kati ya kandambili na mtego wa panya,
mtu mzima, namwomba Mungu kitu kidogo kuliko punje ya mtama.
Nimeipata. Nimeipuliza. Nimeimeza kwa maji ya jana.

Sasa saa nzima bila chai, ndivyo inavyotaka.
Nakaa juu ya jiwe langu mlangoni, ziwa linapauka,
mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zinazimwa moja moja,
na kule mwaloni mtu anapima, sauti inapanda hadi huku,
anataja kilo.
Anadanganya.
Hata kwa kusikia tu, najua.