Tuta la Pande

Mtaka cha mvunguni huinama.
Mimi niliinama kufunga kamba ya buti,
nikaliona: ardhi imevimba pale isipopaswa,
mgongo wa udongo, mrefu, umejipinda
kama mtu aliyelala akikumbatia kitu.

"Ndilo hilo," akasema Tatu Mwinshehe, askari wa msitu,
akitafuna muhogo mbichi. "Ukilifuata
utarudi ulipoanzia. Mimi hulizunguka kila Ijumaa."

Tukavuta futi kamba, yeye ndani ya handaki,
mimi juu, kwenye mizizi ya mkongo
iliyoubana udongo kama kiganja kilichofumba chenji.

Walikuwa wakizuia nini? Ndovu? Jirani?
Au mbuzi tu, wasitoroke usiku?
Hawakuandika. Waliinua kapu, wakamwaga,
wakarudi na kapu jingine,
kisha majani yakaanguka juu ya kazi yao
miaka ambayo hakuna aliyekaa kuihesabu.

Mbali, malori ya mchanga yalikuwa yakinguruma.
Nikauliza, mbona hili limepona?
"Hakuna aliyelihitaji."

Hapo nikakikumbuka kiwanja changu, Madale.
Kulikuwa na mgongo kama huu. Ulikatiza sebule.
Nilikodi katapila, na kufikia adhuhuri
ardhi ilikuwa imelala kama sinia.
Mke wangu, Asumini, akaokota vigae vyeusi,
ukingoni vina pembetatu, moja baada ya nyingine.
"Tazama, mtu alipitisha ukucha hapa."
Nikamwambia fundi avitie kwenye zege.
Zege likashika.
Nyumba haina ufa hata mmoja.

"Mita moja na robo!" Tatu akaita kutoka chini.
Nikaandika.
Halafu, bila kuulizwa, mstari wa pili: Madale,
na mbele yake sifuri;
nikaikoleza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Mvua ikaanza kugonga majani ya juu,
bado haijatufikia.
Tatu alikuwa amekwisha kaa handakini,
mgongo wake kwenye mgongo ule,
ameshusha kofia usoni.
"Humu upepo haufiki," akasema.
"Nadhani walilijua hilo kabla ya mengine yote."

Nikakunja futi, nikateremka kwa makalio.
Ni kweli. Haukufika.