Daftari la Mizani

Ghala la ushirika, Igogo, lina popo wengi kuliko karatasi.
Mzee Lushinge anafungua kufuli kwa msumari;
ufunguo, anasema, ulistaafu kabla yake.
Mchwa wamesoma misimu mitatu mwanzo hadi mwisho
wakabakiza majalada.
Hamsini na moja hawakuufikia.

Wino wa zambarau. Mwandiko wa mtu aliyechapwa shuleni
hadi herufi zikanyooka.
*Masalu wa Ng'wandu, Nyanguge, ratili arobaini na tano.*
Babu yangu!
Nikampiga picha mara tatu, mkono ukitetemeka.

Kisha nikafanya ambalo furaha hulikataza:
nikasoma waliomtangulia, nikasoma waliomfuata.
Sitini. Hamsini na tano. Thelathini. Sabini.
Ukurasa mzima hauna saba, hauna mbili, hauna tisa.
Pamba gani hii, inayokomaa kwa matano matano?

Nikaenda kwa bibi Nyanjige. Mwangaluka, nikasema;
akaitikia, akauliza nani kaninyima chakula mjini.
Nikamsomea. Akacheka kwa jino moja.
"Arobaini na tano? Tulipima hapa uani, kabla ya kuondoka.
Mti begani kwa Masalu: huku robota, huku lile.
Mti haukuinama."

*Lile* ni jiwe la kusagia.

Bodaboda alidai nauli ya watu wawili.
Pale mwaloni Kirumba, Nabwire akafuta magamba ya sangara
kwenye sahani ya mizani, akanitazama:
"Unauza jiwe? Mwanza hii?"
Kilo thelathini na moja.
Nikakokotoa kwenye kiganja: ratili sitini na nane.

Basi usinidai mizani katika shairi hili, msomaji.
Mizani ndiyo iliyotuibia.

Lakini usiku nikajigeuza shahidi, nikajihoji.
Jiwe limesaga ulezi miaka yote hiyo,
kila ugali ukiondoka na chembe yake;
siku ile lilikuwa zito zaidi, kwa kiasi gani?
Na pamba je, haikukauka njiani, jua la Julai?
Na bibi, anakumbuka alichokiona
au alichosimuliwa na Masalu, jioni baada ya jioni?
Na mimi: je, sikutaka tangu mwanzo babu awe ameibiwa,
kwa kuwa aliyeibiwa hupendeza kwenye kitabu
kuliko aliyechuma kidogo?

Nikarudi Igogo na kioo cha kukuzia.
Pambizoni, kwa penseli, si kwa wino,
hafifu kama mkwaruzo wa ukucha:
*alibisha.*

Majina mia mbili na kumi. Neno hilo, mara moja.
Mkono uleule ulioandika arobaini na tano
ulingoja tajiri ageuke, ukashika penseli.
Sijui karani aliitwa nani.
Daftari lina majina ya watu wote isipokuwa lake.

Sasa nimekwama kwenye tanbihi.
Daftari lina namba ya jalada, mwaka, ukurasa.
Jiwe niliandikeje?
Bibi amepiga simu mara mbili.
Hakuuliza sura ya nne inasema nini.
Ulezi umeshakauka, anasema,
na jiwe la jirani linaacha mchanga.