Mwendo Kumi

Nalikwenda Jumapili, Nyali kwa dadangu Tima,
mahamri na bakuli, mbaazi bado zachoma,
nimezifunga kwa shali, zisije zikanihama;
langoni nikasimama, kizuizi kikapanda.

Kibao: “Mwendo ni kumi.” Kobe huenda zaidi!
Hakikuonwa na mimi, kimemezwa na waridi.
Firimbi yenye ulimi ikanitia baridi,
mlinzi kaja na kadi, na kalamu ya hesabu.

Ngumbao ndilo jinale, kijana wa Kaloleni.
“Kamera,” kasema, “ile: mwendo wako ishirini.
Kamati yakaa kule, elfu mbili ni faini.
Si mimi, ni kitabuni, mimi nashika kalamu.”

“Faini ni ya hakimu, si ya watu wa kikao
wanaokunywa kwa zamu chai ya kuchanga kwao.
Sijasaini nidhamu wala mkataba wao.
Lami yao, lango lao; mimi je, wamenunua?”

Kaja mtu na kaptura, mwenyekiti ni Jivani,
hana neno la hasira, faili i mkononi.
“Mtoto wa Bi Safura aligongwa humu ndani.
Na dereva? Ni mgeni. Akapinda, akaenda.”

Likanikauka domo, nikaitazama lami:
chaki ya mchezo imo, sita, saba, nane, kumi.
“Kosa,” nikasema, “limo, mkimbiaji ni mimi.
Hukumu si ya ulimi, nipelekeni kortini.”

Jivani kaguna, “Sawa, wewe hatutakudai.
Pita, mbaazi zapowa, Tima angoja na chai.”
Kifua nikakitowa, kama wakili na tai.
Sikujua ile rai ilikuwa na mkia.

Ulipopinduka mwezi, nikarudi kwa dadangu,
kuna bili ya ulinzi chini ya kikombe changu;
chini, mstari u wazi: elfu mbili, kosa langu.
“Mgeni” ni sifa yangu, jina halikuandikwa.

“Nilipopangishwa nyumba, nalisaini sheria:
wewe ukivuka kamba, mimi nitakulipia.
Kwa dera mbili za pamba, deni limeshaishia.
Kula, acha kununia, mahamri yatapoa.”

Nilimnyoshea noti, Ngumbao hakuigusa.
“Hatuna yako risiti, mgeni halipi pesa.
Mwendo kumi ndio sharti, dadako asije kosa.”
Neno lake likanasa kooni, mwiba wa changu.

Hata leo sina jibu, kama wale wana haki.
Wana muhuri, vitabu; mimi kwao sifungiki.
Wamepata taratibu: undugu haukimbiki.
Na mimi sikasiriki, naogopa dera mbili.

Siku hizi nikifika natambaa kama maji,
hata paka akivuka namngoja, ni mpitaji.
Nyuma honi zinawika, honi za wenye mitaji.
Mgeni njoo, mwenyeji alipe makosa yake.